Asahel Durkee na Sauti ya Mji wa Hadwick

Mchungaji, wasimamizi wa mji, wafiwa, na ninyi majirani mliofukua theluji tangu alfajiri ili njia ipitike, familia imenituma nisome mbele yenu maisha ya ndugu yetu Asahel Durkee, na kwa kuwa mimi ni karani wa mji huu na pia mdogo wake wa mwisho, nimeyaandika kama ninavyoandika daftari la mji, kwa tarehe na mahali, nikijitaja kwa jina la Lemuel kama ninavyowataja wengine, maana nikianza kusema "mimi, mimi" sitafika mwisho.

Marehemu Asahel Durkee alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1737 huko Haverhill, Massachusetts, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Jonas Durkee na mama Ruth, akafuatiwa na Nahum mwaka 1746 na Lemuel mwaka 1751, na kati yao walizaliwa dada watatu ambao ugonjwa wa koo uliwachukua wote ndani ya juma moja. Mwaka 1752 familia ilihamia hapa Hadwick, New Hampshire, wakati mji ulikuwa na nyumba saba na visiki visivyohesabika, na katika safari hiyo Lemuel, aliyekuwa bado hajajua kutembea vizuri, alibebwa maili kumi na mbili za mwisho mgongoni kwa Asahel, jambo ambalo alikumbushwa maisha yake yote kila alipojifanya mkubwa.

Elimu yake Asahel aliipata kwa majira matatu ya baridi jikoni kwa mjane Lovewell, aliyefundisha watoto kusoma huku akikoroga chungu, na marehemu alitoka hapo akijua kusoma Biblia, kuandika herufi safi, na kunakili hati bila kuruka neno. Aliondoka pia na imani moja ambayo ndiyo iliyomjenga na ndiyo iliyomvunja, kwamba jambo lililoandikwa na kukubaliwa na watu hufuatwa hadi watu hao hao walifute, na mtu mmoja, hata awe na akili kiasi gani, hana ruhusa ya kulifuta peke yake kichwani mwake.

Kwa kazi alikuwa mkulima na fundi wa mapipa, na wengi wenu mliokaa hapa mnakunywa maji ya tufaha kutoka mapipa aliyoyafunga pete kwa mikono yake, nayo hayajavuja hadi leo. Tarehe 14 Novemba 1765 alifunga ndoa na Mehitabel Gove, ambaye ndiye mjane wetu aliyeketi hapa mbele, na kama ilivyo desturi yetu ya kuwatania wanaume waliooa karibuni, mkutano wa mji wa Machi uliofuata ulimchagua kuwa msimamizi wa nguruwe, kazi ambayo kila bwana arusi hupewa, watu hucheka, naye hucheka nao, kisha huisahau. Asahel hakuisahau, alizunguka na fimbo mwaka mzima akikagua uzio wa kila mtu, akawatoa nguruwe kwenye mashamba ya watu, na mwezi wa Machi akasimama akasoma taarifa ya kurasa tatu, mpaka mzee mmoja akamwambia, "Kijana, tulikuwa tunakutania tu," naye akamjibu, "Mlinipigia kura, mzee. Mimi kura siijui ya utani na isiyo ya utani." Kuanzia siku hiyo mji ulijua umempata mtu wa kumpa kazi, ukampa kukagua barabara, ukampa kupima mipaka, na kuanzia mwaka 1781 ukamchagua kuwa mmoja wa wasimamizi watatu wa mji, mwaka hadi mwaka, bila mpinzani.

Katika ndoa yao Mungu aliwajalia watoto wanne, wawili hawakuvuka miaka mitano, wakabaki Enos aliyezaliwa mwaka 1768 na Zerviah aliyezaliwa mwaka 1771, na wote wawili wapo hapa leo, Enos akiwa amesafiri siku tatu kutoka Vermont.

Mwaka 1777 Asahel na Nahum walijiandikisha pamoja katika jeshi la ukombozi kupigana na Waingereza, Lemuel akabaki na mashamba, na majira ya baridi yaliyofuata yaliwakuta wakiwa kambini Valley Forge. Hapo ndipo Nahum alipofariki, tarehe 11 Februari 1778, akiwa na miaka thelathini na moja, miguu imeoza kwa baridi kwa sababu hakuwa na viatu, na hakuwa na viatu kwa sababu Bunge la Muungano halikuwa na uwezo wa kuamuru, lilikuwa na uwezo wa kuomba tu, likiandikia majimbo kumi na matatu barua za heshima, na kila jimbo likisubiri kuona jirani yake atapeleka nini. Asahel alimkumbatia siku mbili hadi alipokata roho, akamchimbia kaburi kwa shoka, akarudi nyumbani mwaka 1780, na hakulisema jambo hilo zaidi ya mara tatu au nne, ila Mehitabel anasema kwamba kila majira ya baridi yalipoanza alikuwa anawashika watoto miguu mmoja mmoja kuona kama ina joto.

Sasa nafika kwenye mwaka 1788, na naomba mnivumilie, kwa sababu wote mlikuwepo na kila mmoja analo lake la kusimulia.

Mwezi wa Januari mwaka huo, Katiba mpya ya kuunda serikali ya taifa lote ilipoletwa New Hampshire ikubaliwe au ikataliwe, mkutano wetu wa mji uliijadili siku nzima, ukaikataa kwa mikono hamsini na minane dhidi ya kumi na mmoja, ukamchagua Asahel kuwa mjumbe wa kwenda mkutano wa jimbo huko Exeter, na ukampa maagizo ya maandishi apige kura ya hapana. Sababu zilikuwa tatu, kwamba serikali hiyo itakuwa mbali na itakuwa na nguvu juu ya jimbo letu, kwamba haikutaja popote haki ambazo haitazigusa, na kwamba iliruhusu watu weusi waendelee kuletwa na kuuzwa kwa miaka ishirini zaidi, na hii ya mwisho Asahel mwenyewe aliichukia hadi siku ya kufa kwake. Aliyeongea kwa ukali kuliko wote siku hiyo alikuwa mdogo wake Lemuel, aliyesema, "Serikali ya Exeter ikituudhi tunafunga farasi, tunaifuata, tunaipigia kelele mlangoni mpaka itoke. Hiyo nyingine itakuwa wapi? Nani ataifuata, na akifika nani atamfungulia mlango?" watu wakapiga miguu sakafuni kwa kumuunga mkono, na maagizo yakaandikwa kwa mkono wa huyo huyo Lemuel.

Asahel alikwenda Exeter mwezi wa Februari, akakaa siku kumi akisikiliza, na siku ya sita alisimama mjumbe mmoja, mtu asiyejua hata kuongea vizuri, akasimulia habari za wanajeshi waliokufa wakisubiri majimbo yakubaliane, na marehemu alimwambia Lemuel baadaye kwamba aliinuka akatoka nje kabla habari hiyo haijaisha. Kufikia mwisho wa siku hizo alikuwa ameamini kwamba Katiba ikubaliwe na irekebishwe, lakini mfukoni alikuwa na maagizo yanayosema hapana, na wajumbe wengi wa miji ya milimani walikuwa na shida hiyo hiyo, kwa hiyo mkutano ukaahirishwa ili warudi makwao wakaombe kufunguliwa.

Katika mkutano wa mji wa tarehe 11 Machi 1788, ndani ya jumba hili hili, Asahel alisimama hapa ninaposimama, akaongea saa nzima, mtu ambaye kwa kawaida haongei zaidi ya dakika tano, akamtaja Nahum kwa jina, na mwisho akasema, "Siombi mkubaliane na mimi, naomba mnifungue, niende nikapige kura kama mtu mwenye macho yaliyoona." Lemuel alisimama akamjibu, "Kaka, Nahum alikuwa ndugu yangu pia, na asitumike kutufunga kamba. Ukienda na macho yako, sisi tumebaki na nini?" na mji ukakataa kumfungua, ukamtaka arudi na maagizo yale yale, naye alipoulizwa kama yuko tayari kuachia nafasi hiyo achaguliwe mwingine, akasema atakwenda mwenyewe. Hapo ndipo angeweza kuponea, na hadi leo sijui kwa nini hakuachia, isipokuwa kwamba hajawahi kuiacha kazi aliyopewa kwa kura.

Tarehe 21 Juni 1788, siku ya Jumamosi, huko Concord, ambako mkutano wa jimbo ulikutana tena, majina ya wajumbe yalipoanza kuitwa mmoja mmoja, Asahel alikuwa ameketi na maagizo mkononi, na hakuweza kusema ndiyo kwa sababu mji ulimkataza, na hakuweza kusema hapana kwa sababu ya kaburi alilolichimba kwa shoka, basi akainuka kabla jina lake halijafikiwa, akatoka nje, akashuka hadi mtoni, akakaa kwenye jiwe. Jina lake liliitwa mara tatu, Katiba ikapita kwa kura hamsini na saba dhidi ya arobaini na saba, New Hampshire ikawa jimbo la tisa, na kwa sheria majimbo tisa ndiyo yaliyotakiwa ili serikali mpya isimame. Alirudi nyumbani akiamini kwa moyo safi kwamba hakumkosea mtu, kwamba hakuvunja maagizo kwa sababu hakupiga kura kinyume chake, na kura yake moja isingebadilisha chochote, na alishangaa kweli kweli alipokuta watu wamekusanyika barabarani wakimtazama bila salamu.

Waliopinga Katiba walisema ametuuza, na wale kumi na mmoja waliounga mkono Katiba wakasema ni mwoga, na msaga nafaka wetu, Bwana Obed Tasker, akamwambia uso kwa uso mbele ya kinu, "Tulikupa sauti yetu moja, Asahel, wewe ukaenda kuioshea mtoni." Tarehe 5 Agosti 1788 mkutano wa mji ulipitisha maneno haya, ambayo ninayasoma kama yalivyo katika daftari, kwamba Asahel Durkee, aliyekabidhiwa sauti ya mji huu akaiacha nje ya mlango, asikabidhiwe tena kazi yoyote ya mji, na Bwana Tasker akasimama akaomba iongezwe "hata ya nguruwe," watu wakacheka sana, ikaongezwa. Lemuel aliyaandika hayo kwa mkono wake, na hakuna neno hata moja aliloruka.

Mnajua desturi yetu, kwamba mkutano wa Machi hauanzi mpaka karani asome maazimio yote yanayosimama, na kwa hiyo kuanzia mwaka 1789 hadi mwaka jana, mara nane, Lemuel Durkee amesimama mbele ya mji akasoma jina la kaka yake na nguruwe nyuma yake, na mara zote nane Asahel alikuwepo, benchi la tatu upande wa dirisha, kofia magotini, akisikiliza mpaka mwisho. Mwaka 1791 Enos aliuza sehemu yake ya ardhi akahamia Vermont, akamwambia, "Baba, nimevumilia mara tatu, sina nguvu ya kusikia ya nne. Twende wote," naye akamjibu, "Nikiondoka, mwanangu, azimio litabaki hivyo hivyo. Lazima walifute wao." Tangu hapo alizeeka haraka, akawa hasemi na watu zaidi ya salamu, na mapipa yake watu waliyanunua lakini walimtuma mtu mwingine kuyachukua.

Ili jambo la namna hiyo, la kufuta azimio, liingizwe katika tangazo la mkutano na lipigiwe kura, sheria inataka ombi lenye majina ya wamiliki wa ardhi kumi wa mji huu, na kila mwaka, mwezi wa Januari na Februari, Asahel alitembea na karatasi yake nyumba hadi nyumba, akaanza na majina mawili, lake na la mkwe wake, mume wa Zerviah, mwaka wa pili yakawa matatu, kuna mwaka yalirudi nyuma, na kila mwaka alifika nyumbani kwa Lemuel, na kila mwaka Lemuel alimjibu kitu kimoja, "Sema ulikosea, kaka, nitaandika jina langu sasa hivi," naye akajibu, "Nikisema hivyo nitakuwa nimekudanganya ili nisamehewe," wakanywa kitu cha moto, akaondoka. Wakati wote huo serikali mpya ilisimama, marekebisho ya haki yakaongezwa ndani ya Katiba, mambo mengine aliyoyaogopa Lemuel yakatokea na mengine hayakutokea, na ndugu hao wawili hawakuwahi tena kubishana habari za serikali, walibishana jina moja tu kwenye karatasi.

Mwaka huu majina yalifika tisa, yaani lake na ya watu wanane, na tarehe 15 Februari, Jumatano, theluji ikiwa magotini, alitembea maili mbili hadi kwa Lemuel akitafuta la kumi, akavua glovu, akaweka karatasi mezani, akasema, "Limebaki lako tu, Lem. Nimechoka." Lemuel alimjibu kama miaka yote. Asahel alikunja karatasi, akavaa glovu, akashukuru kwa moto, akatoka, na Lemuel, mwenye farasi wawili na gari la theluji bandani, alimwona dirishani akiinama kwa upepo, akajiambia kwamba kaka yake amezoea kutembea.

Siku ya Ijumaa alianza kutetemeka, Jumapili Daktari Whitcher akasema ni homa ya mapafu imeingia pande zote mbili, akapewa dawa, akawekewa vitambaa vya moto kifuani, na juma lililofuata hali yake ilipanda na kushuka, anapata fahamu asubuhi na kuweweseka jioni, na katika kuweweseka alikuwa anaita majina ya wajumbe wa Concord mmoja mmoja, akifika karibu na lake ananyamaza.

Jumamosi tarehe 25 Februari Zerviah alikuja kwa Lemuel, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Baba mdogo, kama unakuja, njoo leo." Lemuel alifunga farasi, akachukua kalamu na wino, lakini barabara ya kilimani ilikuwa imezibwa, ikabidi wafukue, na walipofika nyumbani kwa marehemu jua lilikuwa limeshagusa miti, na alipomaliza kuvua koti na kusogeza kiti kitandani lilikuwa limezama, na Sabato yetu, kama mjuavyo, huanza jua la Jumamosi likizama hadi la Jumapili lizame, wala hakuna kazi ndani yake. Akamwambia, "Kaka, lete karatasi, naandika," na huyu mgonjwa, ambaye kutwa nzima hakuwa amesema neno lililoeleweka, akageuza uso kuelekea dirishani, akatazama, akasema, "Jua limezama, Lem. Ni Sabato. Weka kalamu." Lemuel akamwambia Mungu hatamhesabia, Mehitabel akamwomba, Zerviah akalia, na yeye akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Sitaki jina la wizi. Kesho likizama utaandika. Tumesubiri miaka minane." Lemuel alikaa na kalamu mkononi na hakuandika, kwa sababu na yeye amelelewa katika nyumba ile ile.

Asahel Durkee alifariki siku iliyofuata, Jumapili tarehe 26 Februari 1797, saa tisa alasiri, jua likiwa bado juu, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na neno la mwisho alilosema ni kuuliza saa ngapi. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Silas Whitcher aliyekuja mara sita kwa njia isiyopitika, inawashukuru majirani waliofukua barabara na akina mama waliokesha na Mehitabel, Mchungaji kwa sala zake, mafundi wenzake wa mapipa waliotengeneza jeneza jana kutwa bila kuombwa, na wasimamizi wa mji kwa jambo ambalo nitalieleza. Inawashukuru kwa namna ya pekee wale wanane walioandika majina yao, sitawataja, wanajijua. Ardhi imeganda futi nne, kwa hiyo leo hatutamzika, atakaa katika ghala la mawe nyuma ya uwanja wa makaburi hadi Aprili.

Nilisema sitasema "mimi," lakini hapa hakuna jina lingine la kutumia. Jumapili jua lilipozama niliandika jina langu, halafu kama karani nikalazimika kulikata jina la marehemu, kwa sababu mtu aliyekufa si mmiliki wa ardhi, na nimehesabu usiku na mchana kama mtu aliyerukwa na akili, nayo ni tisa, yalikuwa tisa na bado ni tisa. Tangazo la mkutano wa tarehe 14 Machi lazima lipigiliwe kwenye mlango huo leo, siku kumi na nne kabla kama sheria inavyotaka, na wasimamizi wamekubali kulishikilia hadi jua lizame. Likikosekana jina moja, baada ya wiki mbili nitasimama hapa hapa kwa kiapo changu na kumsoma kaka yangu kwa mara ya tisa, yeye na nguruwe, naye akiwa hapo nyuma ghalani hajapata hata kaburi. Bwana Tasker, umetazama sakafu tangu nianze kusoma, nami sikulaumu, nimeitazama sakafu hiyo hiyo miaka minane, na nilikuwa na miaka minane ya kuandika jina moja nikashindwa, kwa hiyo sina uso wa kumwomba mtu yeyote humu ndani, ila naomba, nawaomba, sijui niombe vipi. Karatasi nimeiweka juu ya jeneza, kalamu iko pembeni, na chupa ya wino nimeishika kwapani chini ya koti ili isigande.

Pumzika kwa utulivu, kaka Asahel, umeifanya kila kazi uliyopewa. Mimi nitabaki hapa na wino mpaka jua lizame.